Gari Bado Haijatolewa Upepo

Siku tuliyoanua matanga ya mume wangu Alois, nyumba yangu ilijaa kuliko ilivyowahi kujaa. Watu walikaa kwenye mikeka, kwenye ndoo zilizogeuzwa, kwenye ukuta wa baraza, na waliokosa pa kukaa wakavingirisha matairi mabovu ya gereji wakayafanya viti. Mimi nafahamika hapa Mpanda kwa kupenda watu. Mtu akipita mbele ya kibanda changu cha supu bila kusimama naona kama amenitukana. Lakini siku hiyo niliwatazama wote kama mtu anavyotazama mvua dirishani, nikaendelea kuosha vikombe.

Walikuja kuaga msiba, ndiyo. Ila kila mtu alijua kilichowatoa vitandani mapema vile. Siku hiyo Maximilian, kaka mkubwa wa Alois, alikuwa anakata shauri: Silvesta fundi apelekwe polisi kwamba ndiye aliyemuua mdogo wake, au asipelekwe. Maximilian alitoka Magamba amevaa koti lake la kanisani, na bajaji ya kuwapeleka kituoni ilikuwa inasubiri barabarani, dereva kaambiwa asiondoke.

Silvesta alikuja mwenyewe, hakuitwa mara mbili. Alikaa kwenye tofali mbele ya gereji yake, mikono kaifumbata katikati ya magoti, jicho moja bado limevimba kwa kipigo alichopata makaburini kutoka kwa vijana wa ukoo.

Nyie msiomjua Silvesta ngoja niwaambie, maana mkienda kusikiliza vijiweni mtaletewa mtu mwingine kabisa. Gereji yake iko uani kwetu. Alois ndiye aliyempa ile sehemu, wakapaua mabati pamoja, wakachimba shimo la kuingilia chini ya gari, na tangu hapo mimi nikawa nauza supu mbele, yeye anafungua magari nyuma. Mwenye gari akisubiri anakunywa supu. Mnywa supu akisikia gari yake inalia vibaya anamwita Silvesta. Tulilishana hivyo miaka yote. Ni mtu wa maneno machache sana, mpaka mimi na Alois tukawa tunaongea kwa niaba yake. Mteja akimuuliza gari imekuwaje, yeye anaonyesha kwa spana, Alois anaeleza, mimi naongeza chumvi.

Alois alikuwa dereva wa kukodiwa. Alikuwa na Landkruza kuukuu aliyoipenda kiasi kwamba nikimtafuta naanza kuangalia chini ya boneti, ndipo naingia ndani ya nyumba. Msimu wake ulikuwa mvua. Barabara za Mpimbwe zikishageuka uji na gari ndogo zikishindwa, watu wa mpunga, watu wa mbolea, wapima mashamba, wote wanamtafuta Alois awafikishe Mamba, huko huko Mpimbwe. Mwaka huu akataka kuizidishia. Akaleta springi ndefu za kuinyanyua, akaleta matairi mapana yenye meno, na rimu zake pana, maana rimu za zamani zilikataa kuyapokea. Pale uani ikawa sherehe. Watu walikuja kuyapapasa yale matairi kama wako mnadani wanachagua ng'ombe. Mmoja akamwambia Alois sasa amebakiza kuoa mke wa pili tu, ili gari ipate wa kuishangilia na mimi nipate wa kuniosheia vikombe.

Silvesta peke yake hakucheka. Alizunguka gari, akaingia chini, akatoka, akasema maneno mengi kwa siku moja kuliko nilivyozoea. Alimwambia Alois kwamba ukibadili tairi umebadili breki, gari haitasimama pale ilipokuwa inasimama jana, maana tairi kubwa likishaanza kuzunguka halitaki kutulia. Halafu akamvuta mkono, wakainama wote wawili. Zile paipu za mpira zinazopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu, gari ilivyonyanyuka, zilikuwa zimevutika kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiingia shimo moja kubwa kwa kasi zinakatika. Alois akamuuliza kwani anataka nini. Akasema anataka paipu ndefu, disiki nene za breki na pedi zake mpya, na anataka asisumbuliwe. Alois akamjibu kwamba hatamsumbua mtu, ila wageni wake wamekwama Mamba na wanampigia simu kila wakinywa chai.

Sasa lazima mjue kidogo mambo ya breki. Breki za gari zinafanya kazi kwa mafuta yaliyomo kwenye paipu. Ukifungua paipu, hewa inaingia, na mafuta yakichanganyika na hewa pedeli inalegea, unakanyaga kama umekanyaga ugali wa moto. Kwa hiyo fundi akimaliza kufunga lazima aitoe ile hewa. Mafundi wetu hawana jina lingine la kazi hiyo, wanasema kutoa upepo, basi. Na haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga pedeli, mwingine yuko chini kwenye gurudumu anafungua nati ndogo, mafuta yanaruka na mapovu yake, anafunga. Aliyekuwa anakanyaga ni mimi. Sijui nimekanyagia magari mangapi. Silvesta alikuwa anaita tu, "Shemeji, njoo unikanyagie," naacha mwiko, napanda na kanga zangu, na yeye kule chini anaanza: kanyaga, kanyaga, kanyaga, shikilia. Nahisi pedeli inazama chini ya mguu. Achia. Wateja wanapiga makofi kwamba Mama Lucia leo kanunua gari.

Siku Alois aliyoondoka mimi sikuwepo nyumbani. Nilikuwa Magamba kwenye harusi ya binti wa shoga yangu, nimevaa sare, nacheza. Kibandani nilimwacha Pudensiana, wifi yangu, mdogo wao wa mwisho, anayekaa kwetu tangu mume wake aliporudi kwao Sumbawanga kusalimia akanogewa. Mambo ya siku ile nilikuja kuyapata kwa vipande, kila mtu kipande chake. Kwamba Silvesta alikuwa amemaliza kufunga paipu na disiki, akavalisha matairi mapya kwenye rimu, akayajaza upepo mpaka yakalia pa, akayafunga kwenye gari. Kwamba akapigiwa simu kutoka Katumba, mama yake ameanguka shambani. Kwamba akaitoa gari juu ya mawe akaishusha chini, maana uani kwetu watoto hawaishi na hakutaka iwaangukie, akadandia bodaboda akaenda. Alois hakuwepo, alikuwa mjini anatafuta dizeli. Aliporudi alikuta gari imesimama chini kwa miguu yake minne, mipana, mizuri. Akaoga, akavaa, akaondoka.

Akapita Sitalike, akapita hifadhini. Kwenye mteremko wa kushukia bondeni, dereva wa lori aliyekuwa anapanda alimwona akija, taa zinawaka mchana, honi haikatiki, mkono mmoja uko nje ya dirisha unawapungia watu watoke njiani. Hakugonga mtu. Aliikosa kona ya mwisho.

Simu ilinikuta na sahani ya pilau mkononi. Nilimaliza kutafuna kwanza. Watu waliokuwa karibu nami wamelisema sana hilo jambo, kwamba mwanamke gani anaambiwa mume amekufa anaendelea kutafuna. Kilichokuwa mdomoni kilikuwa mdomoni. Tangu hapo nikawa mtu wa namna hiyo hiyo. Nilizika, nikapokea wageni, nikamrudisha binti yangu Lucia shuleni, nikakubali kila nilichoambiwa nikubali. Aliyelia ni Pudensiana. Alilia kwa ajili yetu sote wawili, usiku anakuja kulala kwangu, analia mpaka mto unalowa, mimi nautazama ule mto.

Na maneno yakaanza, kama ilivyo desturi yetu. Mimi ni mtu wa maneno, siwezi kuwalaumu. Kwanza wakasema Alois alikuwa amelewa, na Alois pombe aliinusa tu. Wakasema ametupiwa kitu na madereva wenzake kwa wivu wa yale matairi. Halafu, askari wa barabarani waliposema gari imekutwa haina breki, maneno yote yakageuka yakamwangalia Silvesta. Watu wakakumbuka ghafla kwamba wazazi wake walikuja Katumba kutoka Burundi, jambo ambalo halikumsumbua mtu hata siku moja alipokuwa analala chini ya magari yao. Halafu wakaunganisha: fundi anakaa uani kwa rafiki yake, mke wa rafiki ana supu nzuri na mdomo mtamu, na kila mara fundi anamwita shemeji njoo unikanyagie. Mnaona linavyokwenda. Kwa kweli ni umbea mzuri. Kama ungekuwa wa mwanamke mwingine ningeusambaza mpaka Tabora.

Nilimsikia Pudensiana akiwafukuza watu kibandani kwa ajili hiyo. Mimi niliwapa supu.

Basi siku hiyo ya kuanua matanga Maximilian alisimama, akamshukuru Mungu, akawashukuru majirani na jumuiya, akasema sasa tuongee kama familia. Alieleza alivyoambiwa kituoni, kwamba pedeli ya breki ilikuwa inazama mpaka inagusa bati la chini. Akasema yeye ni mkulima, hajui magari, ila anajua kwamba kitu kikitoka kwa fundi kikiwa kipya na siku ile ile kikaua, basi fundi huyo ama hajui kazi, ama anaijua sana. Pale kwenye kuijua sana watu wakaguna, na mabibi waliokuwa kwenye mkeka wakanigeukia. Nikawaongezea chai.

Maximilian akamuuliza Silvesta kama ana la kusema. Silvesta akatikisa kichwa kwamba hana. Vijana walishaanza kusogea upande wake, ndipo akasema analo, ila hakutaka kumsema marehemu.

"Mseme," Maximilian alimwambia. "Hapa wote ni wake."

"Gari ilikuwa haijaisha, kaka. Nilipiga simu yake haipatikani, nikaacha neno. Nilisema gari bado haijatolewa upepo. Nikajua dereva akisikia hivyo haiwashi. Sasa niliporudi naambiwa ameondoka. Nikafikiri amesikia akapuuza, haraka zake mnazijua. Mtu yuko kaburini, nije nisimame hapa niseme kifo alikifuata mwenyewe?"

"Neno ulimwachia nani?"

"Pudensiana."

Pudensiana alikuwa kwenye mlango wa jikoni, amejifunga kanga kiunoni, ana unga mikononi. Nilitegemea atashtuka. Hakushtuka. Alijibu kama mtu anayejibu kuhusu kazi aliyoimaliza vizuri, kwamba ni kweli alipewa neno, na alilifikisha, tena kabla Alois hajashuka kwenye bodaboda na lile dumu lake la dizeli.

"Nilimwambia vile vile," alisema. "Kaka, fundi anasema gari bado haijatolewa upepo. Akasema, hilo tu? Natoa mwenyewe. Na akatoa. Mimi nimemwona anatoa."

Pale uani kila mtu akaongea na jirani yake. Mmoja akasema si mnaona. Maximilian aliinua mkono wakanyamaza. Kwake yeye jambo lilikuwa limenyooka. Fundi anasema upepo haukutolewa, dada yake anasema ulitolewa na ameshuhudia. Hapo kuna mwongo, na dada yake hana sababu ya kudanganya. Tena kama upepo ulitolewa, breki zilitakiwa zishike, na hazikushika, maana yake kuna kingine kilichofanywa kwenye zile breki ambacho hatuambiwi. Alisema hivyo taratibu, bila hasira, na alipomaliza akafunga kifungo cha juu cha koti, akawaambia vijana wamnyanyue twende.

Silvesta alikuwa anamtazama Pudensiana kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ambayo hajawahi kuisikia. Alisema haiwezekani. Akasema tena haiwezekani mtu akatoa, lakini walishamshika kwapani na hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Mimi nilikuwa napita na birika. Watu wanapenda kunisifia sasa kwamba niliona mbali, kwamba nilimwokoa. Sikuona chochote. Nilikuwa najiuliza kitu cha kijinga. Nilikuwa najiuliza ni nani alikaa kwenye kiti changu.

"Wifi," nikamuuliza, "nani alimkanyagia?"

"Kumkanyagia nini?"

"Pedeli. Kaka yako alipokuwa anatoa upepo, nani alikaa kwenye usukani?"

"Hakuna mtu, wifi. Alikuwa peke yake. Alichuchumaa pale kwenye tairi, akabonyeza na kijiti, tsss. Akahamia lingine, tsss. Yote. Akalipiga teke moja, akasema haya sasa yamekaa."

Vijana walikuwa bado wamemshika Silvesta lakini hawakumvuta tena. Ni watu wa mjini, kila mmoja ameshawahi kuendesha kitu, hata kama ni pikipiki. Niliona linawaingia mmoja mmoja, kuanzia waliokaa karibu mpaka waliokuwa barazani. Mabibi wa kwenye mkeka ndio walibaki wanaulizana nini, nini.

Silvesta akasema yale matairi aliyajaza kupita kiasi ili yakae vizuri kwenye rimu, ndivyo tairi jipya linavyofanywa, na alishamwambia Alois kwamba atakuja kuyapunguza. Kwa hiyo Alois alipoambiwa gari haijatolewa upepo, na matairi anayaona yamekakamaa namna ile, na njia ya Mamba ni matope ambayo tairi gumu haliyawezi, alikuwa na sababu gani ya kufikiria breki? Alifanya alichoambiwa. Pedeli lazima aliihisi laini, lakini Alois maisha yake yote ameendesha magari ya kupampu breki mara mbili tatu ndipo zishike, na pedi mpya kila mtu anajua huwa zinahitaji kuzoea. Mjini kumenyooka, unapampu, zinashika. Mteremko ndio ulimkatalia.

"Yalikuwa laini," Maximilian alisema. Alikuwa anaongea na mikono yake. "Pale kituoni gari ilipovutwa niliyabonyeza matairi. Yote manne yalikuwa laini na hayajapasuka. Nikasema labda ni askari waliyatoa upepo."

Pudensiana akamuuliza Silvesta, sauti ya kawaida kabisa, "Upepo gani?"

"Wa breki, dada."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelekezwa njia. Akafuta unga kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, akaingia ndani ya nyumba.

Hakuna aliyejua la kufanya baada ya hapo. Watu walikuwa wamekuja kuona mtu akipelekwa, na hasira waliyokuja nayo haikuwa na pa kukaa. Nilimsikia Maximilian akijiuliza kwa sauti ndogo, sasa tumshike nani. Akamtazama Silvesta, akatazama mlango alioingilia dada yake, akatazama shimo la gereji. Dereva wa bajaji akachungulia getini kuuliza kama safari ipo. Maximilian akamwambia haipo. Akavua koti. Alilishika muda mrefu kama hajui koti linawekwa wapi, mpaka bibi mmoja akampokea.

Vijana walimwachia Silvesta akarudi chini kwenye tofali lake. Mmoja wao, yule aliyempiga jicho, nadhani, akampangusa vumbi begani kwa haraka, halafu akaenda kusimama mbali.

Tukapakua. Wali, maharage, nyama ya ng'ombe waliyemleta wakwe zangu. Msibani wanaume wanakula sinia moja watu kadhaa, mnajua, na sinia zilipokuwa zinagawanywa kila kundi lilikuwa linafunga duara, Silvesta anabaki nje ya kila duara. Sikuona ubaya wowote kwenye macho ya mtu, ni aibu tu, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nilisimama na sinia la Maximilian mkononi. Sikuwa naogopa, sikuwa na huruma pia. Nilikuwa nasubiri niambiwe niliweke wapi.

Maximilian alinyanyuka kwenye kiti chake, akalichukua, akaenda akalitua chini mbele ya lile tofali, akachuchumaa. Wazee wawili wakamfuata. Nikaleta jagi la maji na beseni.

"Nawa, Silvesta," Maximilian alimwambia.

Silvesta alinawa. Maji yalitoka meusi, mikono ya fundi haitakati. Alichukua tonge, akalishika mpaka wali ukaanza kudondoka. Wakala wote wanne, na alipoanza kulia akawa anakula hivyo hivyo, Maximilian anamsogezea nyama upande wake.

Mimi nikaingia ndani.

Pudensiana alikuwa kitandani kwangu, kajifunika gubigubi na joto lile. Hakuwa analia. Hilo ndilo lililonifanya nifunge mlango, maana nilimzoea akilia. Nilikaa pembeni ya kitanda. Uani nilisikia vijiko, mtu anaomba pilipili.

"Ningemuuliza," alisema ndani ya shuka. "Ningemuuliza tu Silvesta, upepo gani. Maneno mawili."

"Hakuna anayeuliza upepo gani, wifi."

"Wewe ungejua."

Nilifikiri kwanza kabla ya kumjibu, kwa sababu nilijua jibu hili atalibeba. Nikajiweka pale kibandani, mwiko mkononi, wateja wanaongea, Silvesta anapita mbio na kofia yake anasema mwambie gari bado haijatolewa upepo, simu ya mama yake iko sikioni. Nikajitazama nikimpa Alois lile neno. Kila nilivyolitoa lilitoka hivyo hivyo.

"Nisingejua," nikamwambia. "Ningelisema kama ulivyolisema. Ulipewa neno, ukalifikisha, na kaka yako alilitii. Silvesta hakusema uongo, wewe hukusema uongo. Alois hakupuuza mtu. Ndivyo lilivyo, basi."

"Watu watasema."

"Watasema. Wakija kusema waje kwangu kwanza, mimi ndiye nawauzia supu."

Alifunua uso akanitazama. Alikuwa anatafuta kitu usoni kwangu, labda hasira, labda msamaha, na mimi nilijitazama ndani nimtafutie chochote kati ya hivyo viwili nimpe. Hakukuwa na kitu. Palikuwa pametulia kama nyumba iliyohamwa. Nikamwekea mkono mgongoni kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya, na yeye akasogea, akanipa nafasi, nikajilaza na viatu vyangu.

Dirisha la chumba changu linatazama gereji. Nilisikia wakinawa. Nilisikia mabibi wanaeleweshwa habari yote upya na mtu anayeikosea, na mwingine anamrekebisha, na yule wa kwanza anakasirika. Halafu nikasikia sauti ya Maximilian karibu, chini ya mabati.

"Ile pikapu yangu ikishika breki inavuta kushoto."

Nilidhani Silvesta ameshaondoka.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu mavuno."

"Upande mmoja pedi zimekwisha, au silinda imekwama. Usiipakie mzigo."

"Nikuletee?"

Pudensiana alikuwa ameshika pindo la kanga yangu, na yeye anasikiliza.

"Ilete Jumatatu," Silvesta alisema.

"Nitaileta."

Halafu nikasikia mtu anavuta mlango wa bati wa gereji, ule uliokuwa umefungwa tangu msiba uanze, unakwaruza chini. Pudensiana akaniachia kanga. Nikanyoosha mguu, nikavisukuma viatu kimoja baada ya kingine vikaanguka sakafuni, nikageukia ukutani.